Kishikio Kilichofungwa kwa Maneno

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa ndugu wa damu, ndugu wa ndoa, na wale waliotiwa kwenye grupu la familia kwa bahati mbaya na sasa wanaona haya kutoka, kwamba Taarifa ya Mwezi ya Baba Mradi itatolewa kama kawaida siku ya mwisho wa mwezi. Wote mnaombwa kuketi. Wenye vyungu motoni waviepue. Taarifa itakuwa na sehemu tatu: Niliyojifunza, Niliyosoma, na Niliyobuni. Hakutakuwa na nafasi ya maswali, kwa sababu maswali yaliwahi kuulizwa na yakaharibu hali ya hewa.

Baba Mradi ni fundi friji. Jina hilo alipewa na mkewe, siku mke huyo aliporudi kutoka kazini akakuta mlango wa chumba cha kulala umeng'olewa na kulazwa juu ya matofali ili uwe meza ya kuchorea. Kabla ya hapo aliitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama baba wengine wenye adabu zao. Lakini mtoto alikuwa amekua, ameoa, amehama. Miradi ilikuwa inazaliwa kila wiki na hakuna hata mmoja uliowahi kuhama.

Mkewe ni mkunga. "Kazini kwangu," husema, "mtu akianza lazima amalize. Hakuna anayeniambia, 'Mkunga, nimefika nusu, acha kwanza nijaribu kinanda.'"

Kinanda kilikuwepo. Kilikuwa chini ya kitanda, kimelala na vibao vya sataranji, brashi za rangi zilizokauka zikawa vijiti, na darubini ambayo kioo chake kilikuwa bado kinasubiri kusuguliwa upande wa pili. Uani kulikuwa na mashine ya kufulia inayoendeshwa kwa kupiga pedali za baiskeli. Iliwahi kufua shati moja. Shati lilitoka safi, ila bila mkono wa kushoto.

Tusimwonee. Kwa friji alikuwa fundi wa kweli, na friji za watu alizimaliza. Lakini alizimaliza kwa sababu mwenye friji husimama mlangoni, nyama inachuruzika, macho yamemtoka. Mambo yake mwenyewe hayakuwa na mwenye nyama. Akikaa kitako, kiti kilikuwa kama kimemuuma. Akisimama, alisahau alichosimamia. Akitembea, njiani angekutana na wazo lenye miguu mirefu kuliko yake, na hapo ndipo alipopotea. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hawakumwona huyu, aliyeshika hata yale ambayo hayajaumbwa, na yote yakamponyoka kwa pamoja, kwa amani kabisa, bila kugombana.

Sasa, ile Taarifa. Watu wengine, mwezi ukianza, huandika malengo. Baba Mradi alikwisha kuyadharau malengo zamani. Lengo, alisema, linakubembeleza. Linakuambia pole pole, kesho ipo. Yeye aliandika matokeo. Siku ya kwanza ya mwezi, chai haijapoa, alichukua simu akaandika Taarifa nzima kwa wakati uliopita: nimejifunza hiki, nimesoma kile, nimebuni na kukamilisha hili. Kisha akaihifadhi, akaufukuza mwezi kwa nyuma ili auingize ndani ya Taarifa, kama mtu anayenunua suruali nyembamba ili apungue tumbo. Mwezi ukigoma, na kila mara uligoma, siku ya mwisho alikaa akafuta hapa, akapunguza pale, "nimekamilisha" ikawa "naelekea kukamilisha," na akatuma kilichobaki.

Kilichobaki bado kilikuwa kirefu. Mjomba ndiye aliyekipenda kuliko wote. Mjomba alikuwa kaka wa mama yake Baba Mradi, mzee anayeishi mbali, na enzi za ujana wake alitangaza mechi za mtaani kwa kipaza sauti cha kuazima. Kipaza sauti kilirudishwa. Sauti alibaki nayo. Tangu macho ya dada yake yaingie ukungu, Mjomba alijipa kazi ya kuisoma Taarifa kwa ujumbe wa sauti, ili dada yake naye asikie. "Ndugu wasikilizaji!" angenguruma, "mwezi huu kijana wetu amepenya ngome ya fizikia!" Kumbe kijana ana wajukuu njiani, na ngome yenyewe ilikuwa video iliyokatika kwa sababu bando liliisha.

Dada yake Mjomba, yaani mama yake Baba Mradi, nyumba nzima ilimwita Bibi. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa anasubiri zamu yake ya upasuaji hospitalini. Tangu azidiwe na ukungu alikuwa anakaa hapa, kwa mwanawe wa mwisho, na alikuja kwa kuchagua. Binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, alikuwa na nyumba ya vigae, mapazia mazito na ukimya wa kutosha kuzikia watu. Bibi alilala huko siku chache akasema anarudi penye kelele, asije akafikiri amekwisha kufa na hajaambiwa.

Kwa Baba Mradi hilo halikuwa jambo dogo. Yeye ni kitinda mimba. Harusi za ukoo ziligawanywa kazi, yeye akaambiwa, "Wewe kula tu." Misiba ilipangwa, yeye akapewa kushika tochi, na tochi yenyewe ikapewa mtu wa kumsimamia. Katika maisha yake yote, mama ndiye kitu cha kwanza ambacho ukoo ulimkabidhi bila kumwekea msimamizi. Alikuwa tayari kupoteza kinanda, darubini na mkono wa shati. Mama, hapana.

Jioni alimsomea vitabu. Alisoma vizuri, kwa sauti za kila mtu, lakini kabla ya mwisho alikuwa amekwisha kukutana na kitabu kingine.

"Na yule hakimu?" Bibi angeuliza.

"Hakimu gani, mama?"

"Uliyemwacha amenyanyua nyundo. Mkono haumchoki? Na yule mwanamke anayebisha hodi, wamemfungulia au ndiyo ameota mizizi? Mwanangu, watu wangu umewaacha wamesimama wote. Nikilala nawasikia wanahema."

"Tutawarudia."

"Warudie mmoja mmoja. Wengine wana mizigo kichwani."

Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyelalamika, mpaka Dada, yule mwalimu mkuu, alipokuja kumsalimia mama yake katikati ya mwezi.

Dada ni mtu aliyezoea watu kusimama akiingia. Alimpa mama yake matunda, akaulizia tarehe ya hospitali, kisha akampeleka bafuni mwenyewe. Alitoka huko amekunja uso. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, nzuri kwa macho, mbaya kwa nyayo. Upande mmoja palikuwa na ndoo. Upande wa pili, rafu ya mbao iliyojaa mitungi ya rangi ya buluu, ambayo Baba Mradi alikuwa anaichanganya kwa ajili ya vitambaa vya batiki, elimu aliyoipata wiki moja na kuisahau wiki iliyofuata. Katikati hapakuwa na kitu. Dada hakugomba. Aliondoka, na alipofika kwake akaandika kwenye grupu, mbele ya ukoo mzima:

"Nimeona bafu analoogea mama. Halina pa kushika isipokuwa imani. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua, atakaa kwangu mpaka baada ya upasuaji. Nadhani tunaelewana."

Ujumbe ulimkuta Baba Mradi karakanani kwake uani, kichwa kiko ndani ya friji ya mteja. Aliusoma humo humo, kwenye baridi, na hata hivyo akatoka jasho.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kishikio cha bafuni alikwisha kukifikiria. Kilikuwemo kwenye Taarifa ya mwezi huu! Alifungua simu, akaitafuta ilipohifadhiwa, na kweli, kilikuwa hapo, sehemu ya tatu, kimeandikwa siku ya kwanza ya mwezi kwa mkono wa mtu mwenye matumaini: "Nimebuni na kufunga kishikio cha bafuni kwa ajili ya mama. Kiko upande wa kulia ukiingia. Ni imara kiasi cha kuning'iniza ng'ombe, na ng'ombe akashukuru."

Aliitazama. Akatazama karakana. Bomba la chuma lilikuwepo, limeegemea ukuta. Drili ilikuwepo. Skrubu zilikuwepo, ingawa zilikuwa zinashikilia kitu kingine. Kazi ya mchana mmoja! Kabla Dada hajamaliza kusoma, kishikio kingekuwa ukutani. Si uongo, alijiambia. Ni ukweli uliotangulia kidogo, kama anavyotangulia mjumbe kuja kusema wageni wako njiani.

Akabonyeza. Taarifa ikaenda, nzima, katikati ya mwezi, kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwa grupu.

Dada alijibu kwa neno moja: "Kumbe." Mjomba alipiga makofi ya picha yakajaa simu. Na Baba Mradi akalichukua lile bomba akalikata kwa kipimo.

Ndani ya bomba kulikuwa na vumbi la chuma. Mtu mwingine angeligonga chini. Yeye alilipuliza.

Bomba likalia.

Lilitoa sauti nene, ya majonzi, kama fahali anayekumbuka jambo. Baba Mradi akalishusha mdomoni, akalitazama. Akapuliza tena. Je, ukitoboa tundu moja hapa, sauti itapanda? Alitoboa. Ilipanda. Sasa mtu mwenye akili ya kawaida anaweza kuacha hapo, lakini tundu moja ni mwaliko wa tundu la pili. Na kufika la tatu, Baba Mradi hakuwa tena na mama, wala dada, wala bafu. Alikuwa na filimbi.

Ndani ya nyumba, simu ya Bibi ilitoa mlio. Mjomba alikuwa amefanya kazi yake.

"Ndugu wasikilizaji! Leo tunakatiza matangazo yetu! Taarifa imetoka mapema, na ni ya moto! Sehemu ya tatu, dada yangu, hii ni yako. Kishikio! Kimefungwa! Upande wa kulia ukiingia! Ng'ombe, dada yangu! Kinabeba ng'ombe! Nenda kaoge kama malkia!"

Bibi alitabasamu. Tangu asubuhi alikuwa ametamani kuoga, lakini mkwewe alikuwa kazini kuwapokea watoto wa watu, na hakupenda kumsumbua mwanawe akisikika ameshughulika. Alijua ameshughulika, alikuwa anasikia filimbi. Akachukua kanga yake, akapapasa ukuta wa ukumbi mpaka mlangoni pa bafu. Hakuita mtu. Amwite wa nini, na Taarifa imetoka?

Aliingia, akanyoosha mkono wa kulia, akaegemea.

Baba Mradi alisikia kishindo, kisha mitungi ikivunjika mmoja baada ya mwingine. Akafikiri ni paka. Akapuliza noti moja zaidi, ile aliyokuwa anaitafuta. Kisha akasikia jina lake, lile la utotoni, ambalo mama yake hulitumia panapokuwa na jambo tu. Filimbi ilianguka. Alikimbia akaacha kiatu kimoja mlangoni.

Bibi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, rafu iko mapajani mwake. Kuanzia kichwani mpaka kiunoni alikuwa wa buluu. Mkono wa kulia ameukumbatia kama mtoto.

"Mama! Mama, umeumia wapi?"

Bibi aligeuza uso upande wa sauti. Hakulia, hakufoka.

"Nilinyoosha mkono," alisema, "nikashika taarifa yako. Haishikiki, mwanangu."

Mkunga aliporudi alimkuta mumewe amemweka mama yake kitandani na anazunguka chumba kama nzi ndani ya chupa. Alimsogeza kando kwa kiganja, akapiga magoti, akampapasa Bibi mifupa yote kwa vidole vinavyojua. "Mfupa uko salama. Mkono umeteguka, na nyonga imevilia damu. Ashukuriwe Mungu." Akaufunga mkono kwa kitambaa. Kwa mumewe hakusema neno, na Baba Mradi, aliyekuwa amejiandaa kwa maneno na hata kuyachagulia majibu, akabaki na majibu yake mkononi kama mtu aliyekuja na zawadi harusini akakuta ndoa imevunjika.

Dada, aliyepigiwa simu na mkunga, alifika kabla chai haijamiminwa. Alisimama mlangoni mwa chumba, mkoba begani.

"Mama amekuwa rangi gani?"

"Buluu," alisema mkunga.

"Naona kuwa ni buluu. Nauliza kwa nini."

"Mimi sioni," alisema Bibi kutoka kitandani, "lakini naambiwa inanipendeza."

"Mama, usinichekeshe, nina hasira." Dada akamgeukia mdogo wake. "Kiko wapi?"

"Nini?"

"Kishikio. Kinachobeba ng'ombe."

Baba Mradi alifungua mdomo. Kwa mazoea, mdomo ulianza, "Kinaelekea…" kisha ukaishiwa. "Hakipo," alisema. "Sikukifunga. Niliandika kwanza."

"Uliandika kwanza."

"Huwa naandika kwanza, dada. Halafu natenda."

"Miaka yote hii? Zile zote tulizosoma? Fizikia? Darubini?"

"Darubini imebaki upande mmoja."

Dada alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua miwani, akaisafisha na upindo wa gauni lake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo ilipouma. "Mdogo wangu, mimi nilikuwa nakuonea wivu. Unajua hilo? Nakaa ofisini na barua za wazazi, nasoma kwamba wewe unajifunza kinanda, nasema, walau mmoja wetu anaishi." Akavaa miwani. "Jumapili nakuja na gari. Siyo mwisho wa mwezi. Jumapili."

"Nipe mpaka Jumapili basi nikifunge."

"Funga. Hata mtu akiondoka, nyumba ni nyumba."

Mjomba alipiga simu jioni ile ile. Sauti ya kipaza sauti ilikuwa imekatika, akabaki mzee. "Niambie ukweli. Nilisoma vibaya? Nilimwambia upande wa kulia. Au ulikuwa wa kushoto?"

"Ulisoma vizuri, Mjomba. Kilichoandikwa ndicho kilikuwa kibovu."

"Maana ni mimi niliyemwambia aende akaoge. Kama malkia, nilimwambia."

Asubuhi yake Baba Mradi aliingia karakanani. Lile bomba halikufaa tena. Lina matundu, na kishikio hakihitaji kuimba. Alitazama huku na huku, na macho yakaishia kwenye mashine ya kufulia ya baiskeli. Fremu yake ilikuwa ya chuma kizuri, kinene, chenye mpindo wa saizi ya mkono wa mtu mzima. Ndiyo iliyokuwa fahari ya Taarifa nyingi. Mjomba aliwahi kuiita mapinduzi. Aliifungua nati kwa nati. Alipochomoa kipande alichokitaka, mabaki yakajilaza ubavuni kama mbuzi aliyechoka.

Sasa ukuta. Mkunga, aliyekuwa na zamu usiku huo na aliyepaswa kuwa amelala, aligeuza ndoo akaikalia katikati ya bafu. Hakuja kusaidia. Alikuja kulinda.

"Unajua," alisema Baba Mradi, drili mkononi, "mkono wa mzee huwa na baridi. Ningepitisha waya mwembamba humu ndani, chuma kikawa na joto kidogo…"

"Toboa."

"Au mpira wa kuzuia utelezi. Nilisoma mahali, kuna utomvu wa…"

"Usisome. Toboa."

Alitoboa. Ukuta ulikuwa laini kuliko alivyodhani, tundu likapanuka, skrubu ikazunguka bure. Hapa ndipo alipozoea kuachia. Tangu ujana, kila kitu alichokiacha kilikuwa na mahali kama hapa, pale kazi inapokoma kuwa wazo na kuanza kuwa ukaidi wa kitu kisichojali wewe ni nani. Miguu ilimwasha. Aliwaza filimbi. Aliwaza, kwa dakika nzito ya aibu, kwamba angeweza kujifunza habari za kuta. Ziko aina ngapi za kuta? Bila shaka kuna kitabu.

"Naona unaondoka," alisema mkewe kutoka kwenye ndoo.

"Nipo hapa."

"Mwili upo. Sukuma, mama. Kichwa kinaonekana."

Alicheka bila kutaka. Akashuka, akachanganya saruji, akaziba tundu, akasubiri ishike. Kusubiri ndiko kulikomchosha kuliko kutoboa. Siku iliyofuata alitoboa tena, juu kidogo, palipokuwa na tofali zima, akakaza mpaka skrubu ikalia. Akakining'inia. Kisha mkunga akaacha ndoo yake akakining'inia. Kisha wote wawili, watu wazima, mmoja ana sare ya kazini, wakakining'inia pamoja miguu imekunjwa, na Bibi akauliza kutoka chumbani kama kuna harusi.

Jumapili Dada alikuja na gari na shuka safi kwenye kiti cha nyuma. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja bafuni, akaufunga mlango. Walimsikia akivuta, akavuta tena kwa nguvu zaidi, akaguna kama mtu anayeng'oa muhogo. Alitoka ananyoosha gauni.

"Kimeshika," alisema, kama anayetangaza matokeo ya mwanafunzi asiyempenda. "Lakini gari liko nje, na mama, nguo zako nimekwisha kukutengea kabati."

Bibi alikuwa amevaa, ameketi ukumbini, mkono umefungwa, masikio na kucha bado zina buluu. "Nipelekeni kwanza na mimi nikione."

Walimpeleka. Alikikamata kwa mkono mzima, akakipapasa kutoka mwisho hadi mwisho, akakuta mahali ambapo pedali ilikuwa imechomelewa na haikusagwa vizuri. "Hapa panakwaruza."

"Nitapasaga, mama."

"Acha. Nikikigusa nijue ni chako." Akageukia sauti ya binti yake. "Mwanangu mkubwa, usikasirike. Mimi si friji, kwamba nikiharibika kwa huyu nihamishiwe kwa fundi mwingine. Nitakaa hapa mpaka macho yafunguke. Yakifunguka nitakuja kwako kuyaangalia hayo mapazia unayoyasifia."

"Mama, ameshasema uongo ukaanguka!"

"Ndiyo. Kwa hiyo nina sharti." Akamtafuta mwanawe kwa mkono wa kushoto, akampata begani. "Nikiingia kuoga, wewe unasimama mlangoni. Unageuza mgongo, unasimama. Hushiki simu, hupulizi bomba, hukimbilii uani mara moja kuangalia kitu. Na husomi. Nikiita, unaitika. Na zaidi ya yote, mwanangu, nakuomba: ukiwa pale usijifunze kitu."

Dada alicheka puani, mara moja, akajizuia. Alichukua shuka lake safi akaondoka nalo, na kwenye gari walimwona amekaa muda kabla ya kuwasha. Hakusema amekubali. Alisema atakuja Jumatano bila kutoa taarifa.

Alikuja Jumatano. Alikuja na siku nyingine, saa za ajabu, akaingia bila hodi, na kila mara Bibi alipokuwa bafuni alimkuta mdogo wake amesimama ukumbini, mgongo kwenye mlango, mikono ameibana kwapani kama mtu aliyekatazwa kuitumia.

Msidhani alikuwa ametulia. Kusimama pale kulikuwa kazi ngumu kuliko kufufua kompresa ya friji yoyote. Maji yalipomiminika alitaka kujua kwa nini sauti ya kopo hupanda likijaa. Kwenye ukuta mkabala kulikuwa na ufa uliofanana na ramani, na akili yake ilikwisha kuupa nchi, mito na vita. Mguu mmoja uliondoka, ukarudi. Kidole kilipiga mdundo pajani, akakikamata. Mara mbili alifika hadi kona ya ukumbi kabla hajajitambua, na mara zote mbili sauti ilitoka ndani, "Upo?" naye akarudi kwa hatua za mwizi akaitika, "Nipo, mama."

Mwezi ulikwisha hivyo. Siku ya mwisho grupu lilikuwa kimya tangu asubuhi. Ndugu waliingia, wakachungulia, wakatoka, kama watu wanaopita mbele ya duka lililofungwa. Saa ya Taarifa ilipita. Hatimaye Mjomba hakuvumilia. Sauti yake ilikuwa imerudi, na ilikuja na kipaza sauti chake cha moyoni, ikalia mfukoni mwa Baba Mradi, aliyekuwa amesimama mlangoni pa bafu, akaifungua kwa kosa akitaka kuizima:

"Ndugu wasikilizaji! Ukoo mzima umeketi! Vyungu vimeepuliwa! Tunamngoja mtafiti wetu, msomaji wetu, mbunifu wetu, mtu ambaye hakuna elimu iliyowahi kumpita bila kusimamishwa! Kijana wetu, sema na taifa: mwezi huu umejifunza nini, umesoma nini, umebuni nini?"

Kutoka ndani, maji yalisimama. "Nani huyo anapiga kelele?" aliuliza Bibi.

Baba Mradi aliiweka simu mdomoni.

"Hakuna, Mjomba," alisema. "Mama anaoga."